Diski ya Mzee Peng

Jumamosi ile hawakuwa wakimtarajia mtu. Mvua ya mji wao wa Yilan ilikuwa imepumzika tangu alfajiri, na Ko-yin alikuwa uani akianika foronya kwa haraka haraka, maana mvua ya kwao haiagi inapoondoka wala haipigi hodi inaporudi. Baba yake, Yu Chin-mu, alikuwa jikoni akimkatakata bata wa moshi na kumlaumu kwa ugumu wake.

Akatokea mzee mmoja langoni. Kofia ilikuwa mkononi, na begi dogo la mgongoni alikuwa amelivaa kifuani na kulikumbatia kama mtu aliyebeba kichanga.

"Samahani, mwanangu. Hapa ndipo kwa Tsui-e?"

Ko-yin alishikilia foronya asijue aiweke wapi. Ilikuwa muda mrefu hajamsikia mgeni akilitaja jina la mama yake.

"Ndipo, mzee wangu. Lakini mama alishafariki."

"Najua. Mazishini nilikuja, nikasimama nyuma kabisa. Sikuja kumtafuta." Akaligusa begi. "Nimekuja kumrudisha."

Chin-mu akachungulia dirishani, kisu mkononi. "Nani huyo? Kama ni mtu wa bima, mwambie sote tumekufa."

"Si wa bima, baba."

"Basi mkaribishe. Na mwambie asimwogope bata, aliyeshindwa naye ni mimi tu."

Jina lake lilikuwa Peng, na alikuwa ametoka mbali, kule Chishang kwenye mashamba ya mpunga, upande wa mashariki. Aliketi kwenye ncha ya kiti, akaishika bilauri ya chai ya ndimu tamu kwa mikono miwili, akaeleza mambo yake taratibu.

Mke wake, Man-moi, alikuwa mpenzi wa opera, ile michezo ya kuimbwa jukwaani. Si mpenzi wa kukaa kwenye kochi akatazama televisheni. Alikuwa mmoja wa wale wa kupanda treni na kulala kwenye mabenchi ya hekalu, wanaomfuata mwigizaji wao kutoka ua mmoja wa hekalu hadi mwingine kama kuku anavyowafuata wapura mpunga. Na mwigizaji wake alikuwa mmoja tu: Tsui-e, aliyekuwa akiigiza wanaume. Tsui-e akiwa mwanamfalme, akiwa jemadari, akiwa msomi maskini anayekwenda mjini kufanya mtihani. Akiinua mkono wa joho lake, wanawake wa mstari wa mbele walikuwa wakisahau kupumua.

"Alimpenda mama yako kuliko alivyonipenda mimi," alisema Mzee Peng. "Mimi nilikuwa mbeba kamera. Alikuwa akiniambia, 'Wewe shika hiyo kamera usitikisike, na usikohoe.' Nimekaa miaka mingi sijakohoa."

Chin-mu alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akalikazia macho begi, kwa sababu alikuwa ameelewa kilichomo.

Akina Yu nao walikuwa na kanda zao za maonyesho ya Tsui-e zamani, sanduku zima. Kimbunga kikaja, maji yakaingia sebuleni yakafika kwenye magoti, na yalipotoka kanda zote zilikuwa zimegeuka tope jeusi. Mama alikuwa ameshafariki wakati huo. Ko-yin, akiwa bado chuoni, akichanganya chai ya maziwa kwenye kibanda karibu na lango la chuo, alichukua alichokipata akanunua kisanduku cheusi chenye diski mbili ndani, kile kinachokaa kwenye mtandao wa nyumbani ili kompyuta na simu zote za mle ndani ziweke humo vitu vyao. Diski moja ikifa, nyingine inabaki. Alikileta likizoni akakiweka mezani mbele ya baba yake. "Maji hayatatuibia tena," alisema. Lakini cha kuweka humo hakikuwepo. Kisanduku kilikaa karibu kitupu, kina picha za paka na vyeti vya shule, kikinguruma peke yake kama ghala linalosubiri mavuno.

Na sasa mavuno yalikuwa yamekuja yenyewe, kwa miguu.

"Juzi nilikutana na mpiga ngoma wa kundi lenu la zamani," Mzee Peng aliendelea. "Ndiye aliyenieleza habari za kanda. Sikulala. Nikasema, mimi ninazo, nao hawana, haiwezekani. Mpwa wangu alishaziingiza zote kwenye diski hii."

Chin-mu akasogeza kiti chake karibu. "Kaka Peng. Ule usiku wa mvua, kwenye hekalu la bandarini. Huo upo?"

"Upo. Ni mrefu kuliko yote. Man-moi alinishikia mwavuli mpaka mkono ukafa ganzi."

Ko-yin aliujua usiku ule kwa kusimuliwa. Mama alikuwa ameshaanza kuumwa. Mvua ikaja katikati ya onyesho, watu wakakimbia, vikabaki viti vyekundu vya plastiki na maji. Lakini mchezo ule ni wa mungu wa hekalu kwanza, watu baadaye, na haukatizwi eti kwa sababu viti ni vitupu. Tsui-e aliimba mpaka neno la mwisho. Hakupanda tena jukwaani baada ya hapo.

"Mimi nilikuwepo," alisema Chin-mu, "na sikuona kitu." Alikuwa mpiga zeze, na wapiga zeze hukaa pembeni ya jukwaa, nyuma kidogo. "Miaka yote ile nimeuona mgongo wake. Mgongo na kisigino. Watu walikuwa wananiambia, 'Chin-mu, leo mkeo katuliza,' nami naitikia tu. Nilikuwa najiambia, iko siku nitatazama kanda."

Mzee Peng aliitoa diski, kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa cha mkono, akaiweka mezani. Lakini hakuiachia.

"Kuna jambo moja. Man-moi akili yake imeondoka, kidogo kidogo. Mimi hanitambui. Jioni giza likianza kuingia anapata hofu, anazunguka nyumba, chakula hakigusi. Nikimwekea Tsui-e, anakaa. Anakaa, anakula, ananiuliza mimi ni nani, namwambia mbeba kamera, anasema 'vizuri, usitikisike.' Bila hii diski usiku wetu haupiti. Leo mpwa wangu amekubali kushinda naye, na siku kama hii siipati tena kirahisi. Nina tiketi ya treni ya saa kumi na moja na nusu."

"Mzee wangu, hapo hata saa nane hatutafika."

"Hata hivyo niahidi, binti. Saa kumi na moja diski iwe imerudi begini. Imeisha, haijaisha."

"Nakuahidi."

Akatoa kidole kidogo, kama watoto. Ko-yin akakifunga na chake, wakagonganisha madole gumba, na ahadi ikawa imepigwa muhuri.

*

Alianza kwa njia aliyodhani ni fupi. Aliichomeka diski moja kwa moja kwenye tundu la kisanduku. Kisanduku kikawasha taa ya rangi ya chungwa, kikafikiri, kikaikataa, kama mtoto anayefunga meno mbele ya kijiko cha dawa. Diski iliandaliwa kwa mtindo ambao kisanduku hakikuujua. Kuiandaa upya kungefuta kila kitu kilichomo, na wazo lile tu lilimfanya Ko-yin aichomoe upesi.

Basi akaichomeka kwenye kompyuta yake. Kompyuta nayo ilikuwa imejaa mpaka shingoni kwa tasnifu na picha, haikuweza kupokea hata robo ya onyesho moja. Ingeweza tu kuwa mpitishaji: ichukue kwenye diski, irushe hewani kwa waifai, kisanduku kipokee. Akaanza na usiku wa mvua, kwa ajili ya baba.

Mstari wa kijani ukatokea kwenye skrini. *Zimebaki saa mbili.*

"Saa mbili!" Chin-mu alifurahi. "Bata anatosha."

Walipogeuka kidogo, skrini ikasema zimebaki siku tatu. Kisha dakika arobaini. Kisha saa kumi na tisa.

"Huyu namjua," alisema Chin-mu akiikazia macho kompyuta. "Ni yule fundi bomba wa mwaka jana. 'Bosi, niko njiani, nafika sasa hivi.' Na bado yuko njiani."

"Baba, usisimame hapo. Unaizuia waifai."

"Mimi? Na unene gani huu?"

Mzee Peng naye akasogeza kiti chake pembeni, asije akawa anazuia kitu.

Mstari ukatambaa. Wakaenda kula. Bata alikuwa mtamu kweli, na vitunguu majani vya Sanxing, mji wa jirani, vilikuwa vimeiva ndani ya chapati, na Mzee Peng alisimulia jinsi Man-moi alivyowahi kumrushia Tsui-e jukwaani taji la noti, likamkosa, likamnasa mpiga gongo. Wakacheka mpaka Chin-mu akafuta macho kwa mkono wenye mafuta ya bata. Ko-yin aliwatazama wazee wale wawili, akahisi kifua chake kikijaa shukrani. Alifikiri, dunia ina watu wa namna hii bado, wanaopanda treni alfajiri kurudisha kitu ambacho hakuna aliyewadai.

Waliporudi sebuleni, skrini ilikuwa nyeusi.

Akaigusa. Ikaamka na kutoa habari yake bila haya: mahali pa kuhifadhi hapapatikani. Kompyuta ilikuwa imesinzia wakati wao wakila, na iliposinzia iliuachia mkono wa kisanduku. Kwenye kisanduku kulikuwa na faili lenye jina la usiku wa mvua, na ndani yake hamna kitu. Faili refu namna ile likikatika halianzii lilipoishia. Linaanza mwanzo.

"Ni kosa langu," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Nilipaswa kuikataza isilale. Kitu kidogo vile. Nimesoma miaka yote ile—"

"Umesoma mambo ya ustawi wa jamii," alisema baba yake. "Hukusomea usingizi wa kompyuta."

"Man-moi naye yuko hivyo hivyo," alisema Mzee Peng kwa upole. "Akisinzia katikati ya hadithi, ukimgusa bega anaanza upya kutoka mwanzo. Nimezoea. Hadithi huwa inaishia siku moja."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo likamtia nguvu. Akaikataza kompyuta kulala. Akapanda darini, akashuka na waya mrefu wa mtandao wenye vumbi, akaupitisha chini ya meza, juu ya kabati la viatu, mpaka kwenye ruta iliyokuwa karibu na madhabahu ya wazazi waliotangulia. Akaanza tena usiku wa mvua, mara hii kwa waya.

Mstari ukakimbia. Kweli ukakimbia! Robo ikapita wakiutazama kama watu wanaotazama mbio za farasi. Chin-mu akawa anaushangilia kwa kupiga paja: "Nenda, nenda, nenda."

Nusu ilipokaribia, ukapunguza mwendo. Ukatambaa. Ukasimama, ukasogea unywele mmoja, ukasimama tena.

*

Mzee Peng ndiye aliyegundua, tena bila kukusudia. Alikuwa ameomba ruhusa ya kumwashia Tsui-e ubani. Alisimama mbele ya madhabahu, akainama mara tatu mbele ya picha, akasema naye jambo kimoyomoyo, akauchomeka ubani kwenye chungu. Kisha akageuka na kuuliza, "Na huyu paka anayenguruma hapa chini mmemfungia kwa nini?"

Hakuwa paka. Kilikuwa kisanduku. Chin-mu alikuwa amekiweka kwenye rafu iliyo chini kabisa ya madhabahu, na juu ya kisanduku, kama inavyostahili, palikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi. Kila mtu anajua mambo haya. Mashine hospitalini, mashine benki, mashine ya tiketi stesheni, zote huwekewa pakiti ya kijani juu ili ziwe na adabu na zifanye kazi. Lazima iwe ya kijani. Ya njano huleta taa ya njano, nyekundu ndiyo balaa kabisa.

Mzee Peng aliichukua pakiti, akaigeuza, akaisogeza mbali na macho yake ili aisome vizuri.

"Ndugu yangu Yu. Hii imeisha muda tangu mwaka juzi."

Chin-mu alibadilika rangi. "Haiwezekani."

"Tazama mwenyewe."

"Mwaka juzi! Ndiyo maana! Mashine yoyote ingegoma. Hata mimi ningegoma!" Akawa ameshachukua ufunguo wa pikipiki. "Msiguse kitu. Nakwenda dukani."

Wakamsikia akiondoka kwa kasi ambayo daktari wake alikuwa amemkataza.

Ko-yin hakumcheka. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya kisanduku, akakiondoa upesi: kilikuwa cha moto kama sufuria. Akakigeuza taratibu. Feni ya nyuma ilikuwa haionekani. Palikuwa na kitu cha kijivu, kizito, laini, kama kipande cha blanketi, kimeziba kila tundu.

Ulikuwa ni ubani. Majivu ya ubani wa kila asubuhi na kila jioni tangu kisanduku kilipoingia mle ndani. Alikumbuka siku alipomuuliza baba yake kwa nini amekiweka pale chini, palipobanana, wakati meza ya televisheni ina nafasi. Baba alijibu, "Pale mama yako anakiona." Ilikuwa namna yake ya kukilinda. Kila alipomwashia mkewe ubani, feni ilivuta moshi na majivu, na mashine ikawa inajipunguza nguvu yenyewe isije ikaungua. Hakuwa na namna ya kumkasirikia mtu aliyekosea kwa kupenda.

"Inabidi nikizime, mzee wangu. Nikiendelea, diski zitaungua. Lakini nikikizima, usiku wa mvua unaanza mwanzo tena."

"Basi kizime, mwanangu. Aliyechoka hupumzishwa."

Akakizima. Mstari ukafutika. Alitafuta kitu cha kusafishia, akapata brashi laini kwenye kopo la vipodozi vya jukwaani, brashi ambayo mama yake alikuwa akipakia rangi usoni. Akasugua majivu, tundu baada ya tundu, Mzee Peng akimshikia gazeti chini yasimwagike, maana majivu ya madhabahu hayatupwi ovyo. Wakayamimina tena chunguni, yalikotoka.

Kisanduku kikahamia kwenye meza ya televisheni, penye hewa. Chin-mu akaingia akihema, pakiti mpya ya kijani mkononi, akasoma tarehe kwa sauti ili wote washuhudie, akataka kuiweka juu.

"Pembeni, baba. Tafadhali. Juu kinahitaji kupumua."

"Pembeni inafanya kazi?"

"Inafanya," alijibu Mzee Peng kabla ya Ko-yin. "Stesheni ya kwetu wanaiweka pembeni."

Kisanduku kikawaka, kimya, baridi, taa zote za kijani. Chin-mu akaitazama pakiti yake kwa fahari. "Mmeona?"

"Nimeona, baba," alisema Ko-yin, akambusu shavuni, na baba akashangaa, kwa sababu si desturi yao.

*

Sasa palikuwa na jambo la kuamua. Saa zilikuwa zimekwenda. Akapiga hesabu yake na kuwaeleza bila kuficha: maonyesho mengine yote kwa pamoja yangeweza kuingia, na usiku wa mvua ukaanza baada ya hapo kwa muda utakaobaki. Au usiku wa mvua uingie kwanza, uingie kwa hakika, na mengine yafuate mpaka yatakapokatikia.

"Baba, uamuzi ni wako."

Chin-mu aliitazama mikono yake. Alisugua dole gumba kwenye vidole vyake, pale kamba za zeze zilipokuwa zimeacha sugu.

"Hayo mengine wamo nani?"

"Wote. Shangazi A-lan bado kijana. Mpiga ngoma. Marehemu mzee Chang akiwa mfalme. Na mama kwenye kila moja."

"Basi anza na hayo. Kundi zima. Tsui-e hakupanda basi hata siku moja kabla hajahesabu watu wake."

Mstari ukaenda vizuri, kwa mwendo mmoja wa heshima, na skrini safari hii haikudanganya. Onyesho la kwanza lilipoingia lote, Ko-yin alilifungua kwenye televisheni kutoka kisandukuni, ili tu ahakikishe ni zima.

Tsui-e akatokea. Alikuwa msomi maskini, joho la buluu, nyusi zimechorwa zikapaa mpaka kwenye paji. Akainua macho, akatazama moja kwa moja kwenye kamera ya Mzee Peng, yaani mahali alipokuwa amekaa Man-moi, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaanza kuimba.

Chin-mu alisimama. Alisimama kama mtu aliyeitwa.

"Alikuwa anafanya hivyo?" aliuliza. "Na mdomo?"

"Kila mara," alisema Mzee Peng. "Kwa ajili hiyo Man-moi alikuwa akinunua tiketi za treni."

"Nyumbani hakuwahi kunifanyia." Chin-mu alicheka, kisha kicheko kikavunjika katikati. Akatazama. Pembeni ya picha, nusu ikiwa imekatwa, palionekana goti la mtu na ncha ya zeze. "Yule ni mimi. Ko-yin, lile goti ni mimi."

Ko-yin alikuwa anatazama mahali pengine. Mstari wa kijani ulikuwa umeanza kusitasita. Kisanduku kilikuwa kinatoa picha kwa mkono mmoja na kupokea kwa mwingine. Alinyoosha mkono kuelekea rimoti, akaurudisha. Lakini baba yake alikuwa ameshamwona uso. Akachukua rimoti, akamtazama mkewe mara moja tena, akazima mwenyewe.

"Nitakuwa na muda," alisema. "Nitakuwa na muda mwingi. Asante, kaka Peng." Na akamwinamia mgeni kwa kina, mikono imenyooka mapajani, wala hakuinuka mpaka Mzee Peng alipomshika mabega.

Onyesho moja baada ya jingine likaingia. Mzee Peng, aliyekuwa ameamka alfajiri na kushiba bata, aliegemea kiti, begi tupu mapajani, akalala. Alikoroma kidogo, kwa adabu. Mwishowe likabaki moja tu, na Ko-yin akaanza usiku wa mvua kwa mara ya tatu.

Saa ya ukutani ilikuwa juu ya televisheni. Hawakuweza kuutazama mstari bila kuitazama saa.

Nusu ikapita. Robo tatu ikapita. Nje mvua ikarudi, bila hodi, na Ko-yin hakukumbuka foronya zake. Zilipobaki dakika chache kufika saa kumi na moja, mstari ulikuwa umejaa karibu wote, kimebaki kipande cha upana wa kucha.

*Zimebaki dakika ishirini na tano.*

Walikuwa wamekaa bega kwa bega. Chin-mu alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka:

"Amelala."

"Nimeona."

"Amechoka, masikini. Ukimwacha tu."

"Treni, baba."

"Zipo nyingine."

"Za mashariki, Jumamosi jioni? Zimejaa wiki nzima. Unajua."

"Tungemkodia hata teksi."

"Mpaka Chishang? Atafika usiku wa manane."

Chin-mu aliisogelea skrini. Mvua ilipiga bati la uani. Kisha akasema, na hapo sauti yake haikuwa ya mzaha hata kidogo: "Hakuna ambaye angetulaumu, mwanangu. Mtu akilala, amelala. Asingejua hata yeye. Na mimi ningeuona ule usiku."

Ko-yin alijua kwamba ni kweli. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Hakukuwa na haja ya kusema uongo, wala kuficha viatu, wala kurudisha saa nyuma. Ilikuwa ni kukaa tu, mikono mapajani, na kuacha mstari ufike. Alitamani kumpa baba yake kitu kile kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote.

Akamfikiria mwanamke ambaye hajawahi kumwona, kule Chishang, giza linapoanza kuingia kwenye mashamba ya mpunga. Anazunguka nyumba. Anagusa milango. Anamtafuta mtu ambaye jina lake ameshalisahau, na uso wake hajausahau. Mpwa anamwambia akae, hakai.

"Baba," alisema.

Chin-mu alifumba macho. Akaitikia kwa kichwa mara moja, akainuka, akaenda kutoa pikipiki chini ya mvua. Hakuchukua hata koti.

Ko-yin alibonyeza kukatisha. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, akabonyeza tena. Mstari wa kijani ukatoweka wote kwa pamoja, kana kwamba haukuwahi kuwepo. Akasubiri mpaka taa ya diski ilipoacha kupepesa, akaichomoa. Ilikuwa na joto. Akaifunga kwenye kitambaa chake, akaiweka begini mapajani mwa mzee, akavuta zipu polepole mpaka mwisho.

Kisha akachuchumaa mbele yake na kumgusa bega.

"Mzee wangu. Amka. Ni saa kumi na moja."

Mzee Peng alifumbua macho, akapapasa begi, akaihisi diski ndani yake. Akaitazama kompyuta, akamtazama yeye.

"Imeisha, binti?"

"Imetutosha, mzee wangu," alisema Ko-yin. "Twende, baba ameshawasha pikipiki."